Kutafuta Kisichokuwapo

Kazi nyingi za ukaguzi hapa duniani ni za kutafuta kilichopo. Mkaguzi wa hesabu hutafuta stakabadhi, mtu wa maabara hutafuta vijidudu vya malaria kwenye tone la damu, na fundi bomba hutafuta mahali panapovuja. Kazi niliyoifanya kwa sehemu kubwa ya mwaka mmoja ilikuwa kinyume cha hizo. Nilitakiwa kuthibitisha kwamba kitu fulani hakipo, tena kitu ambacho kikiwapo programu hutoa majibu sahihi, na kisipokuwapo hutoa majibu yaleyale. Kitu chenyewe ni ukaguzi wa mipaka ya safu, na mwenye kukiondoa ni kompaila. Najua kwamba kwa wasomaji wengi maneno hayo ni mageni, kwa hiyo nianze nayo.

Kompaila ni programu inayosoma programu nyingine, ile iliyoandikwa na mtu kwa lugha ambayo mtu mwenzake anaweza kuielewa, na kuigeuza iwe amri za mashine. Safu ni orodha ya vitu vya aina moja vilivyopangwa mfululizo katika kumbukumbu ya kompyuta. Fikiria lile kabati la masjala lenye vijumba vya barua: kijumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka mwisho. Tofauti ni kwamba sisi wa kompyuta huanza kuhesabu tangu 0, kwa hiyo safu ya vitu kumi ina nafasi 0 hadi 9. Mtu akiomba nafasi ya 10, ameomba kisichokuwapo. Kabati la masjala lina ubavu wa mbao, na mkono wa karani utagonga hapo. Kumbukumbu ya kompyuta haina ubavu. Inaendelea tu, na kinachofuata baada ya nafasi ya 9 ni mali ya mwingine: labda salio la mteja, labda neno la siri, labda anwani ambayo prosesa itairukia ikishamaliza kazi iliyo mkononi.

Ndiyo maana lugha nyingi huweka mlinzi. Kila mahali programu inapoomba nafasi ndani ya safu, kompaila huchomeka amri mbili ambazo mwandishi hakuziandika: linganisha namba iliyoombwa na urefu wa safu, na ikiwa imevuka, simamisha programu. Java hufanya hivyo, Go hufanya hivyo, Rust hufanya hivyo. Lugha ya C haifanyi, na gharama yake imekwisha kulipwa mara nyingi. Mwezi Novemba 1988 programu iliyoandikwa na mwanafunzi Robert Tappan Morris ilienea katika maelfu ya kompyuta za intaneti, na moja ya njia zake ilikuwa kuandika kupita mwisho wa nafasi ya baiti 512 ambayo hakuna aliyekuwa akiilinda. Mwezi Aprili 2014 ulimwengu ulitangaziwa dosari iliyopewa jina la Heartbleed katika programu ya OpenSSL. Pale kompyuta moja iliweza kumwambia mwenzake, "nirudishie neno hili, lina urefu wa kiasi hiki", na mwenzake akaamini urefu aliotajiwa bila kuupima, akatoa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake kwa mara moja, pamoja na siri zozote zilizokuwa zimelala humo.

Kuna ufundi mdogo katika ukaguzi huu ambao hunifurahisha kila ninapoukumbuka. Namba ya nafasi inaweza kukosewa kwa njia mbili: kuwa kubwa mno, au kuwa hasi. Mtu angedhani kwamba zinahitajika hatua mbili za kulinganisha. La. Kompaila huisoma ile namba kana kwamba alama ya kutoa haijulikani kabisa, na hapo -1, kwa biti 64, huwa 18,446,744,073,709,551,615. Hakuna safu yenye urefu huo. Kwa hiyo swali moja tu, "je, ni ndogo kuliko urefu?", linamkamata mkosaji wa chini na wa juu kwa pamoja.

Sasa, mlinzi hula. Amri mbili si kitu, lakini amri mbili ndani ya kitanzi kinachozunguka mara milioni mia ni jambo jingine, na mbaya zaidi ni kwamba kuwapo kwake huizuia kompaila kufanya maboresho mengine, mathalani kushughulikia vitu vinne au vinane kwa mpigo mmoja. Tangu zamani watu wamebishana kama alipwe au afukuzwe. Tony Hoare, Mwingereza aliyeongoza utengenezaji wa kompaila ya ALGOL 60 katika kampuni ya Elliott mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikieleza kisa kimoja alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1980. Kompaila yao ilikagua kila nafasi, kila mara. Miaka ilipopita wakawauliza wateja kama wangependa wawekewe uwezo wa kuuzima ukaguzi huo ili kazi iende haraka zaidi. Wateja wote walikataa. Walikwisha kuona ni mara ngapi ukaguzi ule ulikuwa umewakamata, na hawakutaka kufikiria ni nini kingetokea usingekuwapo.

Kijana wetu ofisini hakuwa mteja wa Elliott. Tulikuwa tukitengeneza programu, kwa lugha ya Go, ya kampuni moja ya binafsi inayopokea habari za mita za umeme za wenye viwanda na mahoteli. Kila mita husoma matumizi kila baada ya dakika 15, yaani mara 96 kwa siku, na bei hubadilika kufuatana na saa. Usiku programu inapitia wateja wote na kuzidisha kila usomaji kwa bei ya wakati wake. Kazi ile ilikuwa ikichukua muda mrefu kuliko mteja alivyotaka. Asubuhi moja kijana akaja mezani kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za usiku?"

"Nzuri. Mzee, nimepata dawa. Kompaila ina swichi, herufi moja tu, B. Ukiiweka, inaacha kukagua mipaka programu nzima."

"Programu nzima?"

"Nzima. Na nimejaribu, majibu ni yaleyale."

Ni kweli kwamba swichi hiyo ipo, na ni kweli kwamba majibu yalikuwa yaleyale. Nilimwambia kwamba siwezi kuitia sahihi, naye kwa adabu aliuliza kwa nini, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nikilalamika kuhusu kasi. Nikamjibu kwamba kumwondoa mlinzi aliyesimama mbele ya ukuta usio na mlango ni busara, lakini yeye alikuwa anawaondoa walinzi wote, pamoja na yule wa langoni. Tukakubaliana jambo: tutafute ni ukaguzi upi usiohitajika, tuifanye kompaila yenyewe ikubali kuuondoa kwa hoja, kisha tuweke jaribio la kuhakikisha kwamba umeondoka na haurudi.

Kompaila hukubali vipi? Hukubali kwa ushahidi. Ikiona kitanzi kinachoanza 0 na kuendelea maadamu namba i ni ndogo kuliko urefu wa safu, na ndani yake safu hiyohiyo inaombwa nafasi ya i, inajua kwamba swali limekwisha kujibiwa juu kidogo, na kuliuliza tena ni kupoteza muda. Utafiti wa mambo haya ni wa siku nyingi. Mwaka 2000 Rastislav Bodík, Rajiv Gupta na Vivek Sarkar walichapisha njia waliyoiita ABCD, ya kufuatilia uhusiano wa namba kama mtu afuatiliavyo ukoo: huyu ni mdogo kuliko yule, yule si mkubwa kuliko huyu mwingine, basi huyu wa kwanza ni mdogo kuliko wa mwisho. Kompaila ya Go ilipata nguvu ya namna hii hasa kuanzia toleo la 1.7 la mwaka 2016, na sehemu inayoifanya kazi hiyo inaitwa kwa jina linalostahili, yaani "thibitisha".

Kitanzi chetu kilikuwa na safu mbili: masomo ya mita na bei. Safu ya masomo ilikuwa salama kwa hoja niliyokwisha kuieleza. Ya bei haikuwa salama, kwa sababu hakuna mahali popote katika programu palipoandikwa kwamba masomo hayazidi 96. Sisi tulijua. Kompaila haikujua, na kwa haki kabisa, kwani kujua kwetu kulikuwa kichwani tu. Tukaandika mstari mmoja kabla ya kitanzi: ikiwa masomo yanazidi 96, yakataliwe na kuwekwa katika orodha ya kuchunguzwa. Basi. Kompaila ikaunganisha: i ni ndogo kuliko idadi ya masomo, idadi ya masomo haizidi 96, safu ya bei ina nafasi 96, kwa hiyo i haiwezi kuvuka. Mlinzi wa ndani ya kitanzi akaondoka, na mmoja akabaki nje kwa ajili ya siku nzima ya mteja badala ya kuulizwa mara 96.

Wakati mwingine ushahidi unahitaji kupangwa upya tu. Mtu anayesoma baiti nne mfululizo, nafasi ya 0, 1, 2 na 3, atakaguliwa mara nne. Akianza na ya 3, atakaguliwa mara moja, kwani aliye na nafasi ya 3 hakosi za nyuma yake. Katika maktaba ya Go inayosoma namba kutoka katika baiti utakuta mstari wa ajabu unaogusa nafasi ya mwisho na kuitupa, pamoja na maelezo kwamba huo ni wa kuidokezea kompaila. Kijana aliuliza swali zuri: kwa nini kompaila isijipangie yenyewe? Kwa sababu haina ruhusa ya kubadili kisa. Safu ikiwa na vitu viwili tu, programu ya kwanza inasoma nafasi ya 0, inasoma ya 1, halafu inasimama ikilalamikia nafasi ya 2. Iliyopangwa upya inasimama mwanzoni kabisa ikilalamikia ya 3. Zote mbili zimesimama, lakini hazikusema jambo moja, na huenda ile ya kwanza kati ya hatua hizo ilikuwa imekwisha kuandika kitu mahali. Mwenye programu anaweza kuamua kwamba tofauti hiyo haimsumbui. Kompaila haiwezi kumwamulia.

Hayo yote yalikuwa mepesi. Sasa lije jaribio.

Jaribio la kawaida huendesha programu na kulinganisha jibu na lile linalotarajiwa. Hapa halina faida, kwa kuwa ukaguzi usiohitajika, kwa tafsiri yake yenyewe, ni ule usiokataa kitu kamwe. Uwepo au usiwepo, jibu ni lile. Kijana akapendekeza tupime muda. Tulipima wiki nzima. Prosesa za siku hizi hubashiri njia: zikiona kwamba mlinzi ameruhusu mara elfu, hazimsubiri tena, zinaendelea huku zikitarajia kwamba ataruhusu. Kwa hiyo katika kitanzi kidogo tofauti ya kuwapo na kutokuwapo kwa ukaguzi ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya kompyuta yetu asubuhi na kompyuta yetu saa nane mchana kiyoyozi kikiwa kimelemewa. Siku moja programu yenye ukaguzi ilionekana kuwa na kasi kuliko isiyo nao. Jaribio linalofaulu Jumatatu na kuanguka Jumanne bila kitu kubadilika ni baya kuliko kukosa jaribio, kwa sababu linawazoesha watu kulipuuza.

(Tabia hiyohiyo ya prosesa ndiyo iliyoleta balaa la Spectre, lililotangazwa Januari 2018. Aina yake ya kwanza inahusu ukaguzi wa mipaka hasa: mlinzi yupo, lakini prosesa inabashiri ataruhusu, inapita na kusoma cha mtu, halafu inagundua kwamba imekosea na kurudi nyuma. Kilichosomwa hutupwa, ila nyayo zake hubaki katika kumbukumbu ya karibu ya prosesa, na mwerevu anaweza kuzisoma. Basi hata kule "kuwapo" kwa ukaguzi, nilikokuwa nikikuona kama jambo la ndiyo au siyo, kuna pengo lake.)

Njia ya tatu ni kusoma lugha ya mashine yenyewe. Ukaguzi uliobaki una alama: mahali fulani chini ya utaratibu kuna mwito wa kusimamisha programu, na kama mwito haupo, ukaguzi haupo. Nilisoma kurasa nyingi za namna hiyo, na sijutii. Lakini jaribio lililojengwa juu yake huvunjika kwa upepo. Amri za prosesa za Intel si za ARM, na kila toleo la kompaila hupanga amri kwa namna yake. Lingetulazimu kulishona upya kila baada ya miezi sita.

Tukaishia pale walipoishia watengenezaji wa Go wenyewe: kuiuliza kompaila. Ina swichi nyingine, ndefu kidogo, ambayo ukiiweka inataja kila mstari ambao, baada ya kumaliza kuthibitisha kote, bado umebakiwa na ukaguzi. Katika majaribio yao kuna faili lililojaa vipande vidogo vya programu, na pembeni ya mistari fulani pameandikwa kwamba hapa ukaguzi utarajiwe. Pembeni ya mingine hapakuandikwa kitu. Jaribio hulinganisha taarifa ya kompaila na maandishi ya pembeni, mstari kwa mstari. Kinachonivutia ni kwamba linaanguka kwa pande zote mbili. Mstari usio na maandishi ukitajwa, limeanguka: ukaguzi uliotakiwa kuondoka umerudi. Mstari wenye maandishi usipotajwa, limeanguka vilevile: ukaguzi uliotarajiwa kubaki umeondoka.

Upande huu wa pili ndio ninaotaka msomaji auangalie, maana ndio wenye hatari. Mtu aliyepewa kazi ya kujaribu kwamba kitu kimeondolewa ataridhika akiona hakipo. Lakini kompaila inayoondoa ukaguzi wote, kwa wazimu au kwa kosa la hoja, ingefaulu jaribio la namna hiyo kwa alama mia kwa mia. Ukaguzi uliobaki bila sababu hukupotezea sekunde. Ulioondolewa bila sababu hufungua nyumba, na hakuna kitakachopiga kelele.

Wala si jambo la kubuni. Injini ya JavaScript iitwayo V8, iliyomo ndani ya kivinjari cha Chrome, nayo huondoa ukaguzi kwa hoja. Mwaka 2018 mtafiti wa kundi la Project Zero la Google aliripoti kwamba injini ile ilikuwa imeandikiwa kwamba hesabu moja, iitwayo expm1, haiwezi kamwe kutoa sifuri hasi. Inaweza. Ukiipa sifuri hasi, inakurudishia sifuri hasi. Kwa mtu wa kawaida sifuri hasi ni upuuzi usiofaa kumkosesha mtu usingizi, lakini mtu akijua kutega, kutokana na imani hiyo moja potofu kompaila ingeweza kushawishika kwamba namba fulani ni 0 daima, kwamba nafasi inayoombwa iko ndani ya safu daima, na kwamba mlinzi hana kazi. Ilhali wakati wa kuendesha namba yenyewe ni nyingine. Ukurasa tu wa tovuti ungeweza kusoma na kuandika nje ya safu. Baadaye watunzaji wa V8 waliamua kwamba hata pale hoja inaposema ukaguzi hauhitajiki, usifutwe kabisa: ubaki, na ukikataa, programu ijiue palepale. Walikubali kupoteza kasi kidogo kwa kuwa hawakuwa na hakika na hoja zao wenyewe. Wapo waliowacheka. Mimi sikuwacheka.

Hesabu za kompyuta zina mitego mingi ya aina hii. Katika namba za biti 32, 2,147,483,647 ukiongeza 1 unapata -2,147,483,648. Mwaka 2006 Joshua Bloch aliandika kwamba utafutaji wa kugawa katikati uliokuwamo katika maktaba ya Java, alioutunga yeye mwenyewe, ulikuwa na kosa lililolala kwa takriban miaka tisa: ulijumlisha mwanzo na mwisho kabla ya kugawa kwa mbili, na kwa safu yenye zaidi ya vitu bilioni moja jumla hiyo huwa hasi. Sasa fikiria kompaila yenye haraka iambiwe kwamba katikati ya namba mbili zisizo hasi si hasi. Ni kweli kwa namba za mwalimu wa shule. Kwa namba za mashine si kweli, na kompaila ikiiamini, itamwondoa mlinzi ambaye ndiye pekee angelikamata kosa. Kwa hiyo katika faili letu la majaribio tuliweka vipande vingi vya uchokozi, vya kujumlisha mpaka namba zifurike, na pembeni ya kila kimoja tukaandika kwamba hapa ukaguzi sharti ubaki.

Jambo moja dogo lilitusumbua kuliko yote. Ukiandika kipande cha majaribio kinachosoma nafasi ya safu na kisha kuacha kilichosomwa bila kukitumia, kompaila huona kwamba usomaji huo ni bure na inaweza kuufuta. Dawa yake, ambayo nayo imo katika faili la watengenezaji wa Go, ni kukikabidhi kila kilichosomwa kwa utaratibu mtupu ambao kompaila imekatazwa kuuyeyusha ndani ya wenzake. Utaratibu wenyewe haufanyi lolote. Kazi yake ni kuwa mpokeaji tu, ili aliyetumwa asiseme kwamba hakumkuta mtu.

Kijana aliwahi kuniuliza kama kuitegemea taarifa ya kompaila si sawa na kumwuliza mshtakiwa. Ni sawa kabisa, kwa kiasi. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi tulichagua mistari michache tukaisoma katika lugha ya mashine, kwa macho, kuona kama alichokiri ndicho alichofanya. Hatukumkuta na uongo hata siku moja. Tuliendelea hata hivyo.

Programu mpya ilianza kazi, na ile swichi ya herufi moja haikutumika. Kasi? Kazi ya usiku ilipungua kwa kiasi cha kumridhisha mteja, ingawa, kusema kweli, sehemu kubwa ya nafuu haikutoka kwenye ukaguzi uliofutwa bali kwenye ule upangaji mpya wa data tulioufanya wakati tukiitafutia kompaila ushahidi. Ukaguzi wa kupokea data hatukuugusa. Masomo ya wateja wote yalikaa katika safu moja kubwa, kila mteja akiwa na kipande chake cha nafasi 96, na mita yenyewe ndiyo iliyotuma namba ya kila usomaji. Namba inayotoka nje haina ushahidi. Pale tuliandika pembeni kwamba ukaguzi ubaki, na ukabaki.

Miezi michache baadaye, usiku mmoja, programu ilisimama. Mita ya hoteli moja ilikuwa imewashwa upya katikati ya siku, saa yake ikarekebishwa, nayo ikatuma masomo 97 badala ya 96. Usomaji wa mwisho uliombewa nafasi ya 96 katika kipande chenye nafasi 0 hadi 95. Ujumbe ulisema hivyohivyo, waziwazi, pamoja na namba ya mstari. Kijana ndiye aliyepigiwa simu usiku ule. Alinieleza asubuhi, akachukua karatasi na kuchora kwa kalamu ile safu kubwa: kipande cha hoteli, na kilichofuata mara baada yake, kipande cha mteja mwingine, kiwanda kidogo cha unga. Bila ukaguzi, nafasi ya 96 ya hoteli ingekuwa nafasi ya 0 ya kiwanda. Hakuna ambacho kingesimama. Ankara ya mwenye kiwanda ingetoka na usomaji wa hoteli ndani yake, na angelipa, au angekuja kulalamika, na sisi tungefungua programu na kumwonyesha kwamba mita yake ndiyo iliyosema. Kijana aliiangalia ile karatasi kwa muda bila kusema neno, halafu akaibandika ukutani juu ya meza yake.

Mwaka uliofuata tulileta toleo jipya la kompaila, na jaribio likaanguka kwa ule upande wa pili. Mstari mmoja tulioutarajia ubaki na ukaguzi haukutajwa. Ulikuwa mstari unaotafuta bei ya usomaji mmoja kutokana na dakika zilizopita tangu mwanzo: chukua baki baada ya kugawa kwa 1,440, ligawe kwa 15, na hiyo ndiyo nafasi katika safu ya bei. Ni furaha au ni msiba? Taarifa haisemi. Tulikaa mchana mzima mimi na kijana na karatasi. Baki kubwa kabisa ni 1,439, na ukiligawa kwa 15 ukatupa vipande unapata 95. Upande wa juu uko salama. Upande wa chini ndio uliotushughulisha, kwa sababu katika Go baki la namba hasi ni hasi: -15 kwa 1,440 hubakisha -15, na -15 kwa 15 ni -1, na mita iliyorudishwa nyuma ya saa sita usiku inaweza kabisa kuleta dakika hasi. Kijana akarudi juu katika programu kutazama ile namba ilitangazwaje. Ilitangazwa kuwa ya aina isiyo na alama, isiyoweza kuwa hasi, na dakika hasi zilikuwa zikikataliwa mlangoni kabla ya kugeuzwa kuwa aina hiyo. Akafuatilia mlango huo nao, mistari yote, akiweka alama ya vema kwa penseli. Kisha tukafungua lugha ya mashine na kuona kwamba ukaguzi kweli haupo.

"Mzee, wamekuwa werevu zaidi," akasema.

"Wamekuwa werevu zaidi."

Akafuta yale maandishi ya pembeni, akaandika tarehe na sababu mahali pake, akaendesha jaribio tena. Likapita.